Mhitimu wa hisabati za fedha, nenda kwenye mikopo

Vijana waliohitimu hisabati za fedha wanaponiomba ushauri, wengi wana swali moja: waingieje idara ya hazina ya benki? Nawaelewa. Chuoni wamekesha na kanuni ya Black na Scholes ya mwaka 1973, ya kukokotoa bei ya opsheni (mkataba unaompa mtu haki ya kununua au kuuza kitu baadaye kwa bei iliyokubaliwa sasa), na wanaamini hazina ndiko itakakowafaa. Lakini Soko la Hisa la Dar es Salaam linauza hisa na hatifungani, opsheni hakuna. Hazina za benki zetu nyingi zinashughulika na fedha za kigeni, dhamana za serikali na ukwasi, yaani fedha iliyo tayari kwa malipo ya kila siku. Ni kazi ya heshima, ila nafasi ni chache.

Mimi nawaambia waende kwenye mikopo.

Tangu Januari 2018, kiwango cha uhasibu cha IFRS 9 kinaitaka benki itenge fedha kwa ajili ya hasara inayotarajiwa, bila kusubiri mteja akwame kwanza. Benki inakadiria uwezekano wa mteja kushindwa kulipa, kiasi atakachokuwa anadaiwa wakati huo, na sehemu ya deni ambayo haitarudi hata dhamana ikiuzwa. Mkopo unaolipwa vizuri unakadiriwa kwa miezi 12 ijayo. Hali yake ikizorota sana, makadirio yanakwenda hadi mwisho wa maisha ya mkopo. Hapo ndipo nadharia ya uwezekano inapoacha kuwa ya kufaulia mtihani. Ukikosea makadirio, faida ya benki nzima inabadilika.

Ila hesabu hiyo haifanyiki vizuri na mtu asiyejua tawini kunaendaje. Kiwango kinachukulia kuwa mkopo uliochelewa siku 90 umeshindikana, isipokuwa benki iwe na ushahidi mzuri wa kuonyesha vinginevyo. Sasa mfikirie mkulima wa korosho wa Newala. Minada huanza kama Oktoba, na pesa yake huja kwa msimu. Ukimpangia marejesho ya kila mwezi, kufika Agosti kompyuta itamwita mdaiwa sugu, na kosa ni la aliyepanga ratiba. Mwalimu naye anakatwa kwenye mshahara, kwa hiyo makato yakisimama kwa hitilafu ya taarifa za mwajiri, mkopo unachelewa ilhali mtu yupo kazini na hajagoma kulipa. Kisha kuna mwenye duka ambaye mkopo wake umepangwa upya siku chache kabla ya kufika 90. Kwenye faili anaonekana mzima kabisa, wakati afisa mikopo wa tawi anajua rafu za duka ni tupu.

Watu watatu, safu moja ya takwimu. Huwezi kuwatenganisha kwa kukaa makao makuu na programu nzuri, hata uwe na daraja la kwanza. Ndiyo maana namwomba mhitimu asidharau miezi ya tawini, afuatane na afisa mikopo kwenda kukagua biashara, asome mafaili ya mikopo chechefu, aulize kwa nini huyu alilipa na yule hakulipa.

Wakuu wa benki nao nina neno nao. Inaniuma kuona kijana aliyebobea katika takwimu anaachwa kaunta miaka na miaka akihesabu noti, huku modeli ya mikopo ya benki hiyohiyo ikitengenezwa na mshauri wa nje aliyeizoesha tabia za wakopaji wa nchi nyingine. Mpeni muda maalumu wa tawini, kisha mhamishieni kitengo cha vihatarishi akiwa bado anakumbuka alichokiona.

Na vyuo viache kumpa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho bei za hisa za New York kila mara. Zungumzeni na benki na SACCOS zilizo jirani, ziwape historia ya marejesho ikiwa imefutwa majina, mwanafunzi akae nayo muhula mzima.