Farasi Hamsini wa Mwalimu

Nilifundisha hisabati kwa miaka 31, na katika miaka yote hiyo sikumsamehe hata mwanafunzi mmoja aliyeandika jibu bila kipimo. Mtoto akiniandikia "50" peke yake, nilimwuliza kwa kalamu nyekundu: hamsini nini? Ndizi? Mbuzi? Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo.

Baada ya kustaafu nilipanda nyasi za Rhodes, zile za malisho ya mifugo, kwenye ekari 6 huko Rongai, yaani Rongai ya Nakuru, si ile ya matatu zenye kelele pembeni mwa Nairobi. Majirani zangu wengi hufunga nyasi kavu katika marobota madogo ya mstatili, ambayo kijana mmoja hubeba begani huku akipiga mluzi. Mimi nilitaka makubwa. Mnadani niliiona mashine ya kufunga marobota ya mviringo, mtumba kutoka Ulaya, ambayo robota lake moja lina kipenyo cha futi 5 na upana wa futi 4, na linaweza kupita kilo 300. Kijana wa kulibeba hilo begani hajazaliwa.

Ubavuni mwa mashine palikuwa na kibati kilichokwaruzika, kilichoeleza nguvu ya chini kabisa inayohitajika: 50 kW. Trekta langu ni Massey Ferguson 240, ambalo injini yake ina nguvu za farasi 50 au karibu na hapo. Hamsini kwa hamsini! Zile herufi mbili zilizofuata nilizichukulia kuwa alama ya kiwanda. Muuzaji aliponiona nikitabasamu mbele ya kibati, hakuona sababu ya kuniharibia furaha, akahesabu fedha zake na kunitakia mavuno mema.

Siku ya kufunga nyasi walikuja watazamaji, wakiwemo wazee wawili waliobeba viti vyao. Niliunganisha shafti ya nyuma ya trekta, ile inayoiendesha mashine na ambayo mafundi huiita PTO, nikaongeza mafuta mpaka ikafikia mizunguko yake 540 kwa dakika, kisha nikaingia kwenye safu ya kwanza ya nyasi. Mashine ya namna hii hudanganya mwanzoni, kwa sababu robota likiwa changa, lenye ukubwa wa sufuria ya ugali, huzunguka bila kudai chochote. Mama watoto alinipungia mkono, nami nikampungia.

Robota lilipofikia nusu ya ukubwa wake, injini ilianza kuguna. Lilipofikia robo tatu, bomba la moshi lilitoa wingu jeusi lililowahamisha wazee pamoja na viti vyao, mikanda inayolizungusha robota ikapunguza mwendo, na nyasi zikajazana mdomoni mwa mashine kama ugali mdomoni mwa mtoto asiyetaka kumeza. Ilinibidi nisimame ili kamba izungushwe kwenye robota. Hapo pana ujanja wake: trekta lazima lisimame huku shafti ikiendelea kuzunguka, na kwenye trekta langu jambo hilo hufanyika kwa kukanyaga klachi nusu. Ukiikanyaga yote, shafti nayo inasimama. Nilishikilia ile nusu kwa goti lenye umri wa miaka 62, goti likaanza kutetemeka, na kamba ilipofika mzunguko wa nne mguu wangu ulizama mpaka chini. Kila kitu kikanyamaza. Nilipoachia klachi ili nianze upya, injini ilikutana na robota zima lililosimama, ikakohoa mara moja, ikazimika.

Mtu mwenye busara angemwita fundi wakati huo. Mimi niliiwasha injini bila shafti, nikainua mlango wa nyuma kwa haidroliki ili nilitoe robota, na sikutazama mteremko ulikoelekea. Robota la mviringo hutolewa likiwa limekingama kwenye mteremko. Langu lilielekea bondeni moja kwa moja. Lilitoka taratibu, likafikiri kidogo, kisha likaondoka. Kwa kuwa lilikuwa na mizunguko minne tu ya kamba, zilikatika, nalo likaanza kujikunjua kama mkeka wa harusi, mita baada ya mita, mpaka kwenye zizi la jirani. Ng'ombe wake walianza kula ncha moja ya mkeka nikiwa bado nimesimama kwenye ncha nyingine.

Fundi aliyekuja jioni alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Kwanza alizima injini na kuchomoa ufunguo, akautia mfukoni mwake, ndipo akachomoa nyasi zilizokwama. Kisha akasoma kibati, akanitazama, akatoa chaki.

"Mwalimu, naomba nikuulize kwa heshima. Hamsini nini?"

Akaandika kwenye bawa la trekta kwamba kilowati 50 ni farasi 67, tena wahesabiwe kwenye shafti, si kwenye injini. Kati ya farasi wangu 50, saba au wanane hufia kwenye gia kabla ya kuifikia shafti. Zaidi ya hayo, injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, nasi tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo wengine walikuwa wamekosa pumzi. Alipomaliza kutoa, nilibaki na farasi 34 hivi. Nusu ya waliotakiwa!

Chini ya hesabu hiyo aliandika 0, akaizungushia duara, na kuniagiza nisiwashe mashine hiyo tena mpaka nije na mzazi.

Mzazi nilimpata baada ya siku tatu: trekta la farasi 90 la jirani yuleyule mwenye zizi, ambaye alikubali kunifungia nyasi zote kwa malipo ya robota moja katika kila manne, bila kuhesabu lile la kwanza.