Mlango wa mgodi: kubadili chuma pekee si uvumbuzi

Mwaka 1851, katika kesi ya Hotchkiss dhidi ya Greenwood, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa hataza (haki ya kipekee ya mvumbuzi) ya vishikio vya mlango vya udongo. Umbo lake lilijulikana tayari kwa chuma na mbao. Kilichobadilika ni malighafi tu. Mgogoro wa kama milango ya kuongoza hewa migodini, ikitengenezwa kwa kompositi (nyuzi zilizoshikanishwa kwa resini) badala ya chuma, ni uvumbuzi unaturudisha palepale, na msimamo wangu ni huu: anayedai hataza ya "mlango wa mgodi uliotengenezwa kwa kompositi" bila zaidi ya hapo, anyimwe.

Kila fundi wa uingizaji hewa mgodini anajua kwamba maji yenye asidi hula chuma na kwamba mlango mzito huchosha bawaba. Sababu ya kutafuta kitu chepesi kisichoshika kutu ipo wazi. Hesabu nayo ni ya darasani. Faibaglasi, kompositi ya nyuzi za kioo, ina ukakamavu wa takriban moja ya tano hadi moja ya ishirini ya chuma cha pua au cha kawaida, kutegemea nyuzi zilivyolazwa. Tuchukue moja ya nane: paneli ya unene uleule itapinda mara nane zaidi. Lakini ukakamavu wa paneli hufuata kipeo cha tatu cha unene, kwa hiyo ukiufanya unene kuwa mara mbili tofauti inafutika, na uzito bado unabaki karibu nusu. Hapo hakuna uvumbuzi.

Kwenye bolti za bawaba mambo hubadilika. Tofauti ya mgandamizo ya paskali 1,000 kwenye mlango wa mita 4 kwa 4 huleta nguvu ya nyutoni 16,000, kama tani 1.6, na yote lazima ipite kwenye matundu machache. Tundu la chuma likielemewa hulegea kidogo na kuwagawia mzigo majirani zake. Kompositi hailegei, hupasuka. Nyuzi zikiwa zimelazwa upande mmoja tu, bolti huchana njia hadi ukingoni. Ukingo uliokatwa na kuachwa bila resini hunyonya maji, ufa ukakua kimyakimya. Dai, yaani maelezo ya kile mwombaji anachotaka kilindwe, linaloeleza kwa usahihi jinsi mzigo unavyotolewa kwenye paneli na kupelekwa kwenye fremu linastahili kusikilizwa kwa makini.

Hata hivyo, mpinzani wa hataza ana haki ya kuuliza kama vifuniko vya kompositi vya meli vilishatatua jambo hilo la kupeleka mzigo kwenye fremu. Katika KSR dhidi ya Teleflex, mwaka 2007, mahakama hiyohiyo ilimtambua fundi wa kawaida kuwa mtu mwenye ubunifu wake, anayeweza kuunganisha vitu vinavyojulikana. Nakubali, mradi ionyeshwe sababu ya kuviunganisha kabla ya hataza kuombwa. Jibu likishakuwa mezani, kila swali huonekana jepesi.

Mauzo makubwa pia huletwa kama ushahidi. Yanafaa pale tu yanapotokana na kile kinachodaiwa. Wateja wakinunua mlango kwa wepesi wake, ilhali dai linahusu kiungo cha bawaba, mauzo hayo hayamsaidii mwenye hataza.