Maji ya korongo la Hale: mpunga, mashine au mnazi?

Mto Pangani unatoka mbali: maji ya Kilimanjaro na Meru hukusanyika bwawa la Nyumba ya Mungu, yanapita Korogwe, na yakifika Hale yanaporomokea korongoni kuelekea pwani. Mteremko huo ndio ulioleta mitambo ya umeme: Hale mwaka 1964, megawati 21, Maporomoko Mapya ya Pangani mwaka 1995, megawati 68. Abiria wa basi la Tanga anayenunua machungwa pale Hale wala hana habari nayo.

Wakulima wa juu ya mto, wanaotaka maji hayo kwa mpunga wao, wana hoja, na sasa ina uzito kuliko zamani. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa megawati 2,115. Kwa nini basi mpunga wa Moshi na Mombo ubaniwe maji kwa ajili ya megawati 89? Mpunga ndio unaolipa ada za watoto, na umeme wa Rufiji unafika Korogwe vilevile.

Ila maji yanayozungusha mashine hayaliwi. Yanatokea upande wa pili, yanarudi mtoni na kuendelea hadi Pangani mjini na Bweni. Ya mferejini hayarudi yote. Mengi huishia kwenye mmea na juani. Na mto ukipungua nguvu, bahari haisubiri: inapanda nao, maji yanakolea chumvi, na mwenye minazi na bustani kando ya mto ndiye anayeumia. Huyu hatajwi sana vikao vya maji vinapogombania umeme na mpunga.

Kwa hiyo mimi ningeiacha mitambo ifanye kazi, umeme ukiwa sababu ya pili. Tanesco, shirika la umeme lenye mitambo hiyo, ndiye mtumiaji mkubwa pekee mwenye faida ya kuyavuta maji yashuke. Mkazi wa Pangani hana ubavu huo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani na mazingira, sawa, lakini anayefungua mfereji usiku huko juu haisomi.

Jambo moja linanishinda kulitetea. Maji huchepushwa kwenye mahandaki kabla ya maporomoko, na kiangazi kipande cha mto kati ya banio na mashine hubaki mawe matupu na vidimbwi. Pale pangeachiwa maji mwaka mzima, hata kama megawati chache zitapotea.