Si Kila Kopo Kuukuu ni la Wakati wa Amin

Hapa Kampala kila kitu chenye kutu kina cheti kimoja cha kuzaliwa: "Hiki cha wakati wa Amin, mzee." Redio, pasi ya mkaa, na siku hizi hata makopo ya soda pale soko la Owino. Muuzaji simlaumu, jina hilo linapandisha bei. Ninaowashangaa ni sisi wanunuzi, tunaotoa pesa kabla ya kuligeuza kopo tukaliangalia.

Amin alitawala kuanzia Januari 1971 hadi Aprili 1979, na kopo lenyewe linaweza kuikana miaka hiyo. Anza na mfuniko. Makopo ya kale hayakuwa na pete, yalitobolewa kwa kifaa. Pete ya kung'oa na kutupa ilibuniwa na Ermal Fraze wa Ohio, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kile kilimi tunachokiinua leo kikabaki palepale juu ya mfuniko kiliingia sokoni Marekani mwaka 1975, na kwingine kilichelewa zaidi. Pitisha kidole ubavuni. Ukikuta mshono, hilo ni la vipande vitatu: mwili, kitako na mfuniko. Lisilo na mshono, mwili na kitako vyake vimevutwa kutoka bamba moja. Sumaku inasaidia kutofautisha chuma na alumini, lakini usiitegemee kupata umri, maana kuna nchi zilizong'ang'ania chuma wakati wenzao wameshahama. Msimbopau, ile mistari myeusi inayosomwa na mashine, nao ulisomwa dukani kwa mara ya kwanza Juni 1974, tena Ohio hiyohiyo.

Kopo nililouziwa kama la Amin lina kilimi kisichong'oka, lina msimbopau unaoanza na 600, limeandikwa Kiingereza na Kiafrikana, na ujazo wake ni mililita 340. Tarakimu 600 zinaonyesha tu namba ilisajiliwa Afrika Kusini, haziapi kwamba kiwanda kilikuwa huko. Ila pamoja na Kiafrikana na hizo mililita, ujazo uliozoeleka kwa makopo ya huko, sioni cha kubishania: ni la Afrika Kusini. Na enzi za Makaburu biashara ya wazi na Pretoria ilikuwa mwiko kwa serikali nyingi za Afrika, kwa hiyo naamini lilifika huku baada ya 1994. Amin alikuwa ameshakimbia zamani.

Makopo ya kweli ya miaka ile ni adimu kwa sababu inayoeleweka. Soda yetu ilikuwa ya chupa, na chupa ilirudi dukani ikaingia kwenye kreti. Kopo lilikuja na msafiri, na likiisha soda halikutupwa: fundi alilikata akatengeneza tadooba, yaani kibatari, watu wakawasha mafuta ya taa. Ndiyo maana mimi sasa naanzia kwa wauza tadooba kuukuu. Ukikwangua masizi, mara nyingine rangi na maandishi bado yapo, na bei ni ya taa.