Mwanamke aliyekatwa kwa mstari

Dawa ya thalidomaidi iliondolewa sokoni Ujerumani Magharibi mwaka 1961, ikiwa imelemaza watoto zaidi ya 10,000 duniani. Iliporudi kutibu matatizo ya ukoma, ilirudi na alama: mwanamke mjamzito ndani ya duara, amekatwa kwa mstari. Maana yake ni moja tu: ukiwa na mimba, usiinywe. Lakini watafiti wa Marekani walipowaonyesha wanawake alama hiyo, baadhi walidhani ni vidonge vya uzazi wa mpango. Brazil, wako walioiona ni dawa ya kutoa mimba. Na Brazil watoto wenye ulemavu uleule walizaliwa tena.

Wanaotetea picha husema asiyejua kusoma naye ana haki ya kuonywa. Kweli. Ila picha inayomwambia kinyume ni afadhali isingekuwepo.

Wengine wangetaka onyo kali, jekundu, lisilo na mjadala. Hapo nasita. Mei 2018, taarifa kutoka Botswana zilionyesha huenda ARV ya dolutegravir inaharibu uti wa mgongo wa mtoto tumboni. Kenya, kama nchi nyingine, ikawabakiza wanawake wa umri wa kuzaa kwenye ARV nyingine, efavirenz. Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likasema dolutegravir ni ya wote. Hatari ilikuwa ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Woga nao una gharama yake.

Valproeti, dawa ya kifafa, ni ngumu zaidi. Mama akiitumia akiwa mjamzito, mtoto 1 hivi kati ya 10 huzaliwa na kasoro. Lakini akiiacha ghafla, kifafa kinaweza kumwangusha juu ya jiko la kuni. Kwa hiyo lebo iseme yote mawili, kwa Kiswahili cha nyumbani: “Inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Usiiache mwenyewe, muone daktari kabla ya kushika mimba.”

Tena iandikwe wapi? Duka la dawa mtaani, vidonge huhesabiwa kutoka kwenye kopo, vikatiwa kwenye kibahasha cha plastiki kilichoandikwa 1x2 kwa kalamu. Kopo na onyo lake hubaki rafuni. Maneno yale mawili yangegongwa kwa mhuri hapo kwenye kibahasha, pembeni ya 1x2, mama angeondoka nayo.