Valvu isiyovuja siku ya majaribio

Katika maombi ya kununua valvu za mafuta na gesi, sharti moja halikosekani: isivuje hata kidogo. Nani atapinga? Shida ni kwamba sharti hilo likisimama peke yake huwa limeshamchagulia mnunuzi kiti laini, yaani pete ya plastiki ya kuzibia, kabla hajaeleza kinachopita ndani ya bomba.

Chukua valvu ya tufe, ile inayofungwa kwa robo mzunguko. Linalogeuka ni tufe la chuma lenye tundu katikati, na vinavyolizibia ni viti, yaani pete mbili zinazolibana kutoka pande mbili. Kiti cha tefloni, nailoni au PEEK, zote zikiwa plastiki, huitwa laini. Kingine ni chuma juu ya chuma.

Kiti laini kina hoja zenye uzito. Plastiki hubonyea ikafuata umbo la tufe, na ndiyo maana kiwango cha API 6D, cha Taasisi ya Petroli ya Marekani, hakikubali uvujaji wowote unaoonekana kwa kiti cha aina hiyo, ilhali kiti cha chuma kinaruhusiwa kupitisha kiasi kidogo. Msuguano wake pia ni mdogo, hivyo mtambo wa kuigeuza valvu unakuwa mdogo na wa bei nafuu. Kwa gesi iliyokwisha kukaushwa na kuchujwa, sioni sababu ya kulipia zaidi ya hapo.

Ila kisima hakitoi gesi iliyochujwa. Kinatoa mchanga, maji, kutu na nta. Punje ya mchanga ikinaswa kati ya tufe na tefloni, tufe likigeuka huiburuta punje ile na kuchimba mfereji mwembamba kwenye kiti. Gesi yenye shinikizo kubwa ikishapata upenyo huo, hupita kwa kasi na kuupanua, na kila ikipita hubeba punje nyingine. Cheti cha majaribio bado kipo kwenye faili, safi kabisa, na hakikudanganya: valvu ilijaribiwa ikiwa mpya, kwa maji na hewa safi. Joto nalo lina lake, kwani tefloni inapokaribia nyuzi 200 za Selsiasi chini ya mzigo hulegea na kutambaa zaidi.

Watetezi wa kiti cha chuma hupenda kuongeza hoja ya moto, na hapo nadhani wanatia chumvi. Valvu ya kiti laini iliyofaulu jaribio la moto la API 607 hukaa ndani ya miali kwa dakika 30. Plastiki ikiungua, tufe hukutana na ukingo wa chuma ulio nyuma yake na uvujaji hubaki ndani ya kikomo. Moto peke yake hautoshi kukikataa kiti laini.

Penye gesi ya salfidi ya hidrojeni, chuma nacho kinabanwa. Kiti cha chuma kinahitaji ugumu ili kishindane na mchanga, lakini gesi hiyo hupasua chuma kigumu. ISO 15156, kiwango cha kimataifa cha vyuma vinavyokutana na gesi hiyo, kwa kawaida huwekea chuma cha kaboni kikomo cha ugumu cha 22 HRC, yaani kwa kipimo cha Rockwell. Njia inayotumika ni kuacha kiini cha chuma ndani ya kikomo hicho, kisha kukipaka kabidi ya tungsteni, ambayo ni ngumu sana. Gharama inapanda, na mpako ukibanduka upande mmoja, valvu nzima inarudi karakana.

Kwa hiyo mimi ningegawa kituo kwa kufuata mtiririko: kabla ya kitenganishi, kinachotenga gesi na maji na mchanga, chuma, na kiasi kidogo cha uvujaji kikubaliwe kwa maandishi; baada ya kikaushio, laini. Kuweka chuma kila mahali kwa jina la usalama ni kununua mitambo mikubwa ya kugeuzia pasipo na mchanga wa kuuogopa.

Kuna swali jingine ambalo mjadala wa viti hulifunika. Valvu ikifungwa, kimiminika hunaswa katika uwazi unaolizunguka tufe. Jua au moto ukikipasha, shinikizo hupanda bila pa kutokea. Viti vinavyojifungua vyenyewe huachia shinikizo hilo lirudi kwenye bomba. Viti vinavyoziba kutoka pande zote mbili havifanyi hivyo, na vinahitaji valvu ndogo ya usalama kwenye mwili. Viti viwe laini au chuma, karatasi ya oda iseme ni aina ipi kati ya hizo mbili inayotakiwa.