Mita ya kondaktiviti inalaumiwa bure

Kila ikija mada ya kusafisha maji kwa resini (vile vipunje vinavyonasa chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji) hakosi mtu wa kusema kondaktiviti, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme, haina maana, eti namba ndogo haikuhakikishii maji safi. Ukweli upo hapo, tuuweke mezani kwanza. Mita inaona kile chenye chaji ya umeme tu, yaani ioni, bakteria haioni, sukari haioni, na silika (madini ya mchanga yaliyoyeyuka) karibu haioni kabisa kwa sababu haigawanyiki kuwa ioni vya kutosha. Kwa mwenye boila ya presha kubwa hilo sio dogo, silika inapanda na mvuke inaenda kuganda kwenye mapanga ya turbini. Huyo lazima apime silika pembeni, sibishi.

Ila sasa tuiulize mita kazi yake. Resini inaondoa ioni kwenye maji, mita inasoma ioni zilizobaki, saa zote, bila kemikali wala kubeba sampuli kwenda maabara. Maji yasiyo na kitu kabisa kwa nyuzi 25 yanasoma maikrosimensi 0.055 kwa sentimita, na hiyo ni maji yenyewe yanajigawa. Tia miligramu 0.1 tu ya chumvi ya kawaida kwenye lita, namba inaruka mpaka kama 0.27, karibu mara tano! Alafu mtu anakwambia kifaa hiki hakioni.

Hoja inayorushwa sana ni ile ya namba kushuka, na hii ndo nataka tukae nayo. Kwenye mtambo wa matanki mawili, tanki la kwanza (la kationi, linalonasa ioni chanya) huwa linapitisha sodiamu kidogo, ikivuka tanki la pili (la anioni, linalonasa ioni hasi) inatoka kama soda kali, yaani sodiamu hidroksidi, na hidroksidi inapitisha umeme kama mara nne ya sodiamu yenyewe. Sasa resini ya anioni ikianza kuchoka, cha kwanza kupenya ni silika, inakutana na ile hidroksidi inaila, namba inashuka. Yaani maji ndo yanaharibika huku mita inaonyesha yamekuwa mazuri zaidi! Baada ya hapo kloraidi nayo inapenya na namba inapaa ghafla. Wapinzani wanasema umeona, imekudanganya.

Mi naona imekwambia mapema. Resini haijiongezei nguvu katikati ya kazi, kwahiyo namba iliyotulia masaa yote ikianza kushuka yenyewe bila mtu kugusa kitu, hiyo ni habari, tena inakuja kabla kloraidi haijapenya. Anayeikosa ni yule aliyeweka alamu ya juu tu na hana grafu, anatupia jicho namba, iko chini, anaondoka. Ni kweli dalili hii haitokei kila mahali, sodiamu inayopenya ikiwa kidogo sana huoni kitu, na kwenye tanki moja lenye resini za kationi na anioni zilizochanganywa usiitegemee. Huko nakubali silika ipimwe kwa kipimo chake.

Lawama nyingine hata hazihusu mita. Mtu anakinga maji kwenye kikombe, anatembea nayo, anachovya mita anasoma karibu 1, anasema resini imekufa. Kaboni dayoksaidi ya hewani imeshaingia, basi. Maji ya kiwango hicho yanapimwa ndani ya bomba yakitembea. Na joto pia, kila nyuzi moja inasogeza namba kwa kama asilimia 2 kwenye maji yenye chumvi, kwenye maji safi kabisa inafika karibu asilimia 5, kwahiyo mita isiyofidia joto sawasawa itakuonyesha resini inachoka kila mchana na kupona kila usiku.

Kwahiyo weka alamu ya juu, weka na ya kushuka, silika ipime kila zamu ya kazi. Ila anayeing'oa mita ili abaki na kipimo cha silika mara moja kwa zamu, sodiamu ikipenya katikati ya zamu atakuja kujua maji yakiwa yameshaingia kwenye boila.